Maneno Kabla ya Usingizi

Oktoba 1910, George Crile, daktari wa upasuaji kutoka Cleveland, alihutubia wenzake katika Massachusetts General Hospital, mjini Boston, kwenye maadhimisho ya etha. Ni humo ambamo tarehe 16 Oktoba 1846 William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe ukakatwa shingoni mwake bila yeye kupiga mayowe. Katika siku kama hiyo sifa tupu zingetosha, lakini Crile alikuja na onyo. Alisema etha humfunga mgonjwa asijue, ila haiukingi mwili na vishindo vya kisu. Na kwamba hofu peke yake, kabla ngozi haijaguswa, huuchosha mwili kama jeraha linavyouchosha. Aliowafikiria zaidi ni wagonjwa wa tezi la shingo lililozidisha kazi, watu waliokonda, moyo ukiwaenda mbio, mikono ikitetemeka. Wengi wao walifika mezani wameshikwa na woga mkubwa, na kwa baadhi woga huo ulitosha kuupandisha ugonjwa hadi mauti.

Dawa aliyoibuni Crile dhidi ya hofu hiyo ilikuwa kuificha siku. Mgonjwa alikubali upasuaji, lakini hakuambiwa utafanyika lini. Kila asubuhi alivutishwa hewa akiwa kitandani kana kwamba ni sehemu ya matibabu ya kawaida, mpaka akaizoea barakoa. Kisha asubuhi moja hewa ile ikawa ya usingizi kweli, naye akazinduka tezi limekwisha kukatwa. Njia hiyo ikaitwa kuiba tezi. Madai mengine ya Crile, hasa aliyoyasema juu ya seli za ubongo kuharibiwa na woga, hayakudumu. Swali lake limedumu. Je, hofu ya kabla ya upasuaji ina uzito wowote katika namna mtu anavyozinduka na kupona? Na kama inao, itibiwe kwa kufichwa, kwa kidonge, au kwa maneno? Ninaloliamini, na ninalotaka kulitetea hapa, ni kwamba mazungumzo kati ya mtaalamu wa usingizi na mgonjwa ni sehemu ya usingizi wenyewe, kama ilivyo dawa inayopita mshipani. Tumezoea kuyahesabu kuwa adabu njema, jambo la kufanywa nafasi ikipatikana. Mimi nasema anayeyakosa amepewa matibabu pungufu.

Wapo watakaopinga mapema kabisa. Watauliza, hofu itamsumbuaje mtu ambaye hayupo? Dawa ya usingizi ikishaingia, fahamu inaondoka, na woga unaondoka nayo. Kinachobaki ni mwili, nao unatawaliwa na mashine na mikono ya wataalamu. Hoja hii inasikika vizuri kwa sababu inaichukulia hofu kuwa wazo. Lakini hofu ni tukio la mwili mzima. Saa nyingi kabla ya kufikishwa thieta, mgonjwa mwenye woga tayari ana adrenalini inayosukuma moyo na kupandisha presha, kortisoli inayozidi katika damu, misuli iliyokazana na usiku mmoja au miwili isiyo na usingizi. Vitu hivyo havifutiki dakika ambayo macho yanafumba. Kortisoli ikikaa juu hupunguza kasi ya chembe za kinga zinazokimbilia kidonda. Watafiti wa Marekani waliwahi kulipima jambo hilo kwa njia nyepesi: mwaka 1998 walichapisha matokeo ya wanafunzi 11 wa udaktari wa meno waliokubali kutobolewa kidonda kidogo kwenye kaakaa mara mbili, mara moja wakati wa likizo na mara nyingine siku chache kabla ya mtihani. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa asilimia 40. Watu ni wale wale, kidonda ni kile kile kwa ukubwa, na hakuna aliyepata fahamu mpya wala kupoteza ya zamani. Kilichobadilika ni wasiwasi. Idadi yao ni ndogo, nami nisingeujenga ukuta mzima juu ya utafiti huo mmoja, lakini unatosha kuonyesha kwamba wasiwasi una mlango wa kuingilia ndani ya nyama.

Ushahidi wa thieta yenyewe hauko mbali. Mwaka 1999 Inna Maranets na Zeev Kain walieleza habari za wanawake 57 waliofungwa mirija ya uzazi kwa njia ya tundu dogo tumboni. Waliokuwa na tabia ya wasiwasi katika maisha yao ya kila siku walihitaji dawa ya usingizi, propofoli, nyingi zaidi ili walale na ili waendelee kulala. Kuna jambo la kuangaliwa hapo, maana linapuuzwa mara nyingi utafiti huo unapotajwa: wasiwasi uliohusiana na dawa ulikuwa ule wa tabia, wala si ule wa saa ile mlangoni pa thieta. Yaani mtu anaweza kuonekana ametulia kwenye machela huku mwili wake umezoea kwa miaka mingi kuishi kwa tahadhari, nao hulala kwa shida. Mtaalamu anayemtazama usoni tu hataliona hilo. Atalijua akiuliza.

Kwa watoto picha iko wazi zaidi, na inaumiza zaidi. Kain na wenzake waliwafuatilia watoto 241, wenye umri wa miaka 5 hadi 12, waliokatwa tonsili na nyama za nyuma ya pua, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliokuwa na hofu kubwa kabla ya upasuaji walipata maumivu zaidi hospitalini na katika siku tatu za kwanza nyumbani, wakapewa dawa nyingi zaidi za maumivu, na usingizi wao wa usiku ukavurugika. Katika saa ile ya kuzinduka, asilimia 9.7 yao waliweweseka, wakilia na kurusha miguu bila kumtambua mama aliye mbele yao. Kwa watoto waliokuwa watulivu ilikuwa asilimia 1.5. Aliyewahi kusimama kwenye chumba cha kuzindukia anajua hali hiyo ilivyo. Mtoto ana macho wazi lakini hafiki, anang'oa sindano ya maji, anajipiga kwenye vyuma vya kitanda, na mzazi anadhani dawa imemharibu akili. Kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Lakini mzazi haisahau, na kidonda cha kooni kilichokazwa na kilio hakipati faida yoyote.

Hapa ndipo pingamizi zito linapoingia, nami naliheshimu. Takwimu za namna hii zinaonyesha vitu viwili vikienda pamoja. Hazionyeshi kimoja kikikizaa kingine. Huenda mtoto mwenye hofu ndiye yule yule ambaye angelalamika maumivu popote. Huenda mtu mzima mwenye woga mkubwa ndiye aliye mgonjwa zaidi, na ana haki ya kuogopa, kwa hiyo kupona kwake kwa taabu kunatokana na ugonjwa. Tukiishia kwenye uchunguzi wa kutazama peke yake, mtu anayesema hivyo hawezi kushindwa. Njia ya kumjibu ni moja tu: kuigusa hofu kwa makusudi, kwa baadhi ya wagonjwa na si kwa wengine, kisha kuangalia kama kupona kunabadilika.

Jambo hilo lilifanyika, na lilifanyika katika hospitali ile ile ambamo Crile alihutubia. Mwaka 1964 Lawrence Egbert na wenzake watatu walichapisha habari za wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Wote walitembelewa na mtaalamu wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji, wakaelezwa maandalizi na usingizi wenyewe. Kundi moja halikuambiwa lolote juu ya maumivu. Kundi la pili liliambiwa kinaga ubaga: utaumwa mahali hapa, utaumwa kiasi hiki, yatakaa muda huu, ni kawaida baada ya upasuaji wa namna hii, na yanatoka hasa kwenye misuli ya tumbo inayokaza chini ya jeraha. Kisha wakafundishwa la kufanya: namna ya kuvuta pumzi ndefu, namna ya kuilegeza misuli hiyo, namna ya kujigeuza kitandani kwa kutegemea mikono na miguu ili tumbo lisikaze. Wakaambiwa pia kwamba dawa ipo, waiombe wakizidiwa. Mtaalamu yule akarudi kuwaona baada ya upasuaji na kuwakumbusha. Hao wa pili walitumia takriban nusu ya dawa kali za maumivu waliyotumia wenzao, na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7. Waliowaruhusu ni madaktari wa upasuaji ambao hawakujua nani alipewa maneno na nani hakupewa.

Nimekaa kwenye utafiti huo kwa sababu unamgeuza Crile. Yeye alitambua hofu ni nzito, akaamua kumficha mgonjwa. Egbert alitambua vivyo hivyo, akaamua kumwambia. Tazama pia alichokiacha. Hakuna aliyeambiwa kwamba hataumwa. Hakuna aliyeambiwa asiogope. Wagonjwa walipewa maarifa juu ya kitu kibaya kinachokuja na kazi ya kufanya kitakapofika. Maumivu yanayomkuta mtu bila taarifa humfanya akaze mwili, na mwili uliokazwa huuma zaidi, na kuuma zaidi humthibitishia kwamba kuna jambo limeharibika ndani. Aliyeambiwa jana kwamba leo atasikia hivi hupata maumivu yale yale bila ile hofu ya pili inayopanda juu yake. Nadhani hapo ndipo sehemu kubwa ya tofauti ile ilipotokea.

Kwa nini basi tusimpe kidonge akatulia? Kidonge ni chepesi, hakihitaji mtu kukaa kitandani pa mgonjwa, wala hakihitaji lugha. Egbert aliliuliza hilo pia, mwaka mmoja kabla, akilinganisha ziara ya mtaalamu wa usingizi na dawa ya kulegeza iliyotumika sana siku zile, pentobabito. Waliopewa dawa walisinzia lakini wasiwasi wao haukuondoka. Waliotembelewa walitulia bila kusinzia. Nusu karne baadaye Wafaransa walirudia swali hilo kwa dawa ya zama zetu na kwa idadi kubwa zaidi. Watu wazima 1,062, katika hospitali tano za kufundishia, waligawanywa kwa kura: wengine walipewa lorazepamu miligramu 2.5 kabla ya usingizi, wengine kidonge kisicho na dawa, wengine hawakupewa chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa kinyume cha desturi ya miaka mingi. Waliopewa lorazepamu hawakuridhika na huduma zaidi ya wenzao. Bomba la kupumulia lilitolewa kooni mwao baada ya dakika 17, wakati wale wasiopewa chochote lilitolewa baada ya dakika 12. Akili ya asilimia 51 tu ilikuwa imewarudia sawasawa mapema, dhidi ya asilimia 71 ya wasiopewa chochote. Kidonge kilichotolewa kwa nia ya kuondoa woga kilichelewesha kile kile kinachotafutwa, yaani mtu kurudi kuwa yeye.

Sisemi dawa za kutuliza zitupwe. Kuna mgonjwa anayetetemeka kiasi kwamba hasikii neno, na kuna mtoto mdogo ambaye maelezo hayamfikii. Hao dawa ya kutuliza kama midazolamu huwafaa, na kuwanyima kwa ajili ya nadharia ni ukatili. Lakini hata kwa watoto maandalizi yanapofanywa kwa dhati hushindana na dawa. Mwaka 2007 kundi lile la Kain lilichapisha jaribio la watoto 408 na wazazi wao. Familia za kundi moja zilifundishwa mapema. Walipewa video, walipelekewa barakoa nyumbani mtoto aizoee kwa mchezo, na wazazi walielekezwa namna ya kumshughulisha mtoto badala ya kumbembeleza kwa sauti ya huzuni. Mlangoni pa thieta watoto hao walikuwa watulivu kama waliokunywa midazolamu. Baada ya upasuaji waliweweseka kidogo kuliko makundi mengine, wakahitaji dawa kidogo ya maumivu, wakatoka mapema. Crile naye alizoesha wagonjwa wake barakoa. Hawa walizoeshwa huku wakijua ni ya nini.

Swali lingine hutoka kwa ndugu wa wagonjwa kuliko kwa madaktari: je, kumwambia mtu habari hizi si kumwongezea hofu? Katika familia nyingi mwenye kuugua hulindwa na habari. Wakubwa hukaa kando na daktari, kijana mmoja mwenye elimu hutumwa kusaini fomu, na mgonjwa huambiwa ni jambo dogo. Desturi hiyo haikutoka kwenye ujinga. Imetoka kwenye huruma, na hata utafiti unaiunga mkono kwa kiasi fulani. Mwanasaikolojia Irving Janis, katika kitabu chake cha 1958, alikuwa na maoni tofauti, akishikilia kwamba wasiwasi wa wastani humsaidia mgonjwa kwa kuwa humfanya ajitayarishe moyoni, na kwamba asiyeogopa kabisa hupigwa na mshangao akizinduka. Waliokuja baadaye hawakuiona faida hiyo ya wasiwasi wa wastani. Waliona tu kwamba kadiri hofu inavyozidi ndivyo kupona kunavyokuwa na taabu zaidi. Na mwaka 1973 Frances Cohen na Richard Lazarus waliona kwamba wagonjwa waliokuwa wakitafuta kila habari juu ya upasuaji wao walipona kwa shida kuliko wale waliokwepa kufikiri juu yake. Kwa hiyo si kweli kwamba kila habari ni dawa kwa kila mtu. Ninachokiona katika matokeo haya ni kwamba maneno yana kipimo. Kumwagia mtu orodha ya hatari zote, kwa sauti ya kisheria, asubuhi ya upasuaji, akiwa na njaa na nguo za hospitali zilizofungwa mgongoni, ni kumpa dozi mbaya ya dawa nzuri. Kumwuliza anataka kujua nini, kisha kumjibu hicho, ni kupima kwanza. Ipo hojaji fupi iliyotengenezwa Amsterdam mwaka 1996, yenye maswali sita tu, ambayo hupima mambo mawili kwa pamoja: mgonjwa ana hofu kiasi gani, na anataka habari kiasi gani. Nimeipenda kwa sababu ya swali hilo la pili.

Kisha kuna wanaosema faida yenyewe ni ndogo. Hilo nalikubali kuliko wanavyotarajia. Mwaka 2016 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 105, yenye watu wazima 10,302 waliofanyiwa upasuaji kwa usingizi kamili, wakauliza kama maandalizi ya kisaikolojia yanasaidia. Walipata dalili za maumivu kupungua na siku za kulazwa kupungua kwa kama nusu siku, lakini walisema wazi kwamba ubora wa ushahidi ni hafifu. Siku 2.7 za Egbert ni za enzi ambapo mgonjwa wa tumbo alilazwa wiki nzima na zaidi. Leo hakuna siku nyingi za kupunguza. Lakini nusu siku ya kitanda katika wodi ambayo wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja si kitu kidogo, na nusu siku hiyo imenunuliwa kwa maneno, ambayo hayaagizwi kutoka nje wala hayaishi stoo.

Na hapo ndipo mtu wa Afrika Mashariki anapouliza swali lililo gumu kuliko yote: maneno hayo atayasema nani? Mwaka 2018 uchunguzi uliozihusisha hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, wagonjwa 11,422, ulionyesha kwamba nchi ya katikati ina wataalamu bingwa 0.7 tu kwa kila watu 100,000, ukiwajumlisha wa upasuaji, wa uzazi na wa usingizi. Muuguzi wa usingizi katika hospitali ya wilaya ana orodha ya asubuhi, mama wa dharura amengojea tangu alfajiri, na mashine ya pili imeharibika. Kumwambia aende wodini jioni akae na kila mgonjwa ni rahisi kwa anayeandika. Ila uchunguzi ule ule ulisema jambo jingine ambalo haliruhusu tuishie hapo. Wagonjwa wa Afrika, ingawa walikuwa vijana zaidi na wengi wao hawakuwa na hatari kubwa, walifariki baada ya upasuaji kwa kiwango mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi wa waliofariki walikufa wakiwa tayari wametoka thieta, katika zile siku ambazo watu wachache wanawaangalia. Mahali pasipo na macho ya kutosha wodini, mgonjwa mwenyewe ni sehemu ya ulinzi. Aliyefundishwa jana namna ya kupumua kwa kina, kugeuka, kukohoa huku ameshika jeraha, na kuita akiona damu au homa, anajilinda kwa namna ambayo aliyelala kimya kwa woga hawezi. Uhaba wa wataalamu ndio unaoyafanya maneno yawe ya lazima zaidi.

Wala si lazima yote yatoke kinywani mwa mtu mmoja. Namna ya kupumua na kugeuka inaweza kufundishwa na muuguzi wa wodi kwa wagonjwa watano kwa pamoja, jioni, kila mmoja akiwa kitandani pake. Barakoa ya mtoto inaweza kuonyeshwa kliniki siku ya kupangiwa tarehe. Kinachobaki kwa mtaalamu wa usingizi ni kile ambacho yeye tu anaweza kukibeba: uso ambao mgonjwa ataukuta tena kesho, na jibu la swali la nusukaputi. Swali hilo kwa kawaida ni moja kati ya mawili. La kwanza, je, nitaamka? La pili, je, nikiamka katikati? Yote yana majibu ya kweli. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa huripoti kuwa na fahamu wakati wa upasuaji mara moja katika kila usingizi 19,000 hivi. Takwimu za huko si zetu, na mtaalamu asijifanye ni zetu. Anachoweza kusema ni kile anachokijua kwa hakika: kwamba atakuwa kichwani pa mgonjwa muda wote, hataondoka, ataangalia pumzi na moyo wake dakika kwa dakika, na atakuwa hapo atakapomwita kwa jina ili afumbue macho. Linganisha na neno tunalolipenda sana, usiogope. Mama aliyekwisha kuwaaga wanawe, akaomba radhi kwa majirani na kuacha wasia juu ya watoto, anaambiwa mlangoni, "Usiogope, mama, ni jambo dogo tu." Neno hilo halimpi kitu cha kushika. Linamwambia tu kwamba hofu yake haitakiwi humo ndani, naye anaikunja na kuingia nayo.

Jambo moja linanitia hofu mimi mwenyewe katika ushahidi huu, nalo ni rahisi kutokea. Tukishajua kwamba woga huongeza maumivu, tutaanza kumlaumu mwenye maumivu. Muuguzi aliyechoka atamwambia mgonjwa anayelia kwamba anaumwa kwa sababu aliogopa mno, na dawa itachelewa. Hilo litakuwa kuugeuza utafiti wa Egbert kichwa chini. Wagonjwa wake waliambiwa waombe dawa wakizidiwa, na walipewa. Walipunguza wenyewe kwa kuwa walihitaji kidogo. Hofu ya kabla ya upasuaji si kosa la tabia. Katika nchi ambayo mtu amewahi kuzika jirani aliyeenda kufanyiwa upasuaji wa kawaida, hofu ni kumbukumbu sahihi. Hasa wanaume, ambao wamefundishwa kwamba kuogopa ni aibu, huingia wakitania na kucheka, na takwimu zao za woga hutoka ndogo kuliko woga wenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza kuliko kutazama, na kuuliza kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu bila kuvunjiwa heshima: badala ya kumwuliza, "Unaogopa?", aulizwe, "Kuna kitu gani kuhusu kesho kinachokunyima usingizi?"

Tangu mwaka 2008 thieta nyingi duniani, na nyingi za kwetu, hufuata orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Ina vipengele 19. Kabla ya dawa ya usingizi kuingia, mgonjwa huthibitisha jina lake, upasuaji anaofanyiwa na upande wa mwili, na wahudumu huulizana juu ya mzio, njia ya hewa na damu itakayopotea. Ni orodha iliyookoa maisha, na hakuna kipengele ninachotaka kukiondoa. Lakini humo hofu haimo, wala hakuna mahali pa kuandika kwamba mgonjwa ameelezwa maumivu yatakavyokuwa na la kufanya yakifika. Kwenye fomu ya usingizi kila miligramu ya propofoli, ketamini au mofini huandikwa na saa yake, kwa sababu tunajua itaonekana katika kuzinduka. Mstari mmoja uongezwe juu ya hiyo miligramu ya kwanza, wenye mambo matatu: nani alizungumza na mgonjwa, lini, na aliuliza nini. Ukiachwa wazi, asubuhi mkuu wa wodi aulize kwa nini, kama anavyouliza dozi iliyorukwa.